Subana imeshinda: vifaa vya kung'olea pini za gitaa

Ukiniuliza ununue kifaa gani cha kung'olea pini za gitaa, vile vijiti vifupi vinavyochomekwa pale nyuzi zinapoishia, nitakujibu hivi: chukua D'Addario Pro-Winder kwa ajili ya kuzungushia na kukatia nyuzi, halafu kwa pini zenyewe ingia duka lolote la vifaa vya cherehani uombe subana. Ndiyo, subana, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni ili sindano isimchome. Bei yake haifiki hata ya soda.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, na Jumapili napiga gitaa kwenye kwaya. Meza yangu ya kukatia vitambaa ni ndefu na nyororo, gitaa halichubuki, kwa hiyo vijana wa kwaya walianza kuniletea magitaa niwabadilishie nyuzi. Wakafuata wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku hizi kuna wateja wanaingia bandani na kutoka bila kutupia jicho gauni hata moja. Nyuzi unakuja nazo, kazi ni elfu tano. Vifaa vyote nitakavyovitaja nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenipa cha bure.

Gitaa ninaloletewa zaidi ni Yamaha F310, na hilo, kama magitaa mengi ya nyuzi za chuma, lina pini sita kwenye briji, kile kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya uso wa gitaa ambako nyuzi zinaishia. Kila uzi una kigololi cha chuma mwishoni. Kigololi kinazamishwa tunduni, pini inafuata juu yake, na watu wengi wanaamini pini ndiyo inayoshikilia uzi. Siyo. Kigololi kinatakiwa kikae chini ya kibao kigumu kilichogundishwa ndani ya gitaa, na kazi ya pini ni kukibana pembeni kisirudi tunduni. Nyuzi sita za unene wa kawaida zikishatyuniwa zinavuta kwa pamoja uzito wa kama kilo 70. Mzigo huo ungekuwa unabebwa na vile vipini vya plastiki, vingeruka vyote kama vizibo.

Nasisitiza hili kwa sababu asiyelielewa anafanya kosa lilelile kila mara: anaigonga pini kwa ngumi "ishike vizuri". Pini ni nene juu na nyembamba chini. Ukiigonga inajikaza kwenye tundu, na siku ya kubadilisha nyuzi inagoma.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na kuanzia hapo ni jua, upepo na vumbi. Gitaa lililokaa Dar kwenye unyevu wa bahari likiletwa huku, mbao zake zinakauka na kusinyaa, na tundu linaibana pini. Mimi kwenye Agosti na Septemba ndiyo nakutana na pini za ajabu kweli. Ukiwa na gitaa la maana, liweke kwenye boksi lake, usilitundike ukutani mkabala na dirisha.

Sasa vifaa.

Cha kwanza kununua kilikuwa kile kizungushio cha plastiki kisicho na jina, ambacho kichwani kina pengo la kunasia pini. Nilimwagiza ndugu yangu Kariakoo, kikaja na basi. Kwa kuzungushia kinafaa, nakubali. Lakini lile pengo ni pana kuliko shingo ya pini nyingi, na kingo zake ni nyembamba mno. Pini ikiwa imelegea kinaivuta. Pini ikigoma, kingo zinajikunja, kinateleza, na mkono wako unakwenda kupiga uso wa gitaa. Changu kilivunjika ukingo mmoja mapema sana. Bado kipo kwenye droo, nakitumia kuzungushia tu.

Pro-Winder ni habari nyingine. Hii zamani ilikuwa inauzwa kwa jina la Planet Waves, ambalo ni la kampuni hiyohiyo ya D'Addario, kwa hiyo ukikuta la zamani usidhani ni feki. Ndani yake kuna vitu vitatu: kizungushio, mkasi wa kukatia nyuzi, na pengo la kung'olea pini. Mkasi ndio ulionifurahisha. Unakata hata uzi mnene wa sita, krap, na unabaki na kisiki kifupi kisichochoma vidole. Kabla ya hapo nilikuwa naazima plaizi ya fundi umeme wa jirani, na yeye naye kila siku anaitafuta. Pengo lake la pini limetengenezwa kwa plastiki ngumu zaidi na linanasa shingo ya pini vizuri, ila namna yake ya kufanya kazi ni ileile: unaegemea kwenye briji ndipo unainua. Weka kitu katikati. Mimi naweka kipande cha jinsi kilichobaki kwenye kupunguza suruali, nakikunja mara mbili. Bila hivyo, baada ya muda unaona mbao ya briji ina vidonda vidogo mbele ya kila tundu. Nililipa elfu arobaini mpaka kunifikia mkononi. Kwa anayebadilisha nyuzi mara moja kwa mwaka ni pesa nyingi. Kwangu imeshajilipa.

Vya chuma vyenye umbo la kifungulio cha soda, vile vya kutundika kwenye funguo, sivipendi. Vina nguvu, hilo halina ubishi, na pini itatoka. Ila chuma juu ya mbao ni ugomvi, na mtu mwenye haraka haweki kitambaa. Kama unajua utakuwa na haraka, usikinunue.

Plaizi hata tusiijadili. Inatafuna kichwa cha pini, na plastiki ikikatika kichwa unabaki na kipande kimezama tunduni na huna pa kushika. Kuna kijana wa kwaya ya jirani alikuja jioni moja amekumbatia gitaa utadhani mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mama. Pini ya uzi wa tatu imegoma kabisa. Nimejaribu hata kwa meno."

"Marahaba. Meno ya nani, yako au ya gitaa?"

Pini ilikuwa imetafunwa kweli, kwa plaizi na kwa meno. Ilitoka kwa subana, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa.

Inafanyika hivi. Legeza nyuzi zote mpaka zinalala, siyo ule mmoja tu, kwa sababu mkono unatakiwa upite kwenye tundu kubwa la gitaa, lile la katikati. Kabla hujaingiza mkono, shika uzi karibu na briji uusukume kwenda chini, uingie tunduni kidogo. Kigololi kinaachia kile kibao cha ndani na pini inapata nafasi ya kupumua. Nyingi zinatoka hapohapo kwa vidole. Hili lifanye hata kama una kifaa cha dola mia.

Ikigoma, vaa subana kwenye kidole cha kati, sogeza nyuzi pembeni, ingiza mkono, upapase chini ya briji. Utazikuta ncha sita zimejitokeza kwenye kibao, kila moja na kigololi chake pembeni. Weka subana chini ya ncha unayoitaka, mkono wa pili uwe juu ya pini huko nje, kisha sukuma taratibu. Unasikia kitu kinaachia kwa mlio mdogo, na pini inakuja kiganjani. Haiegemei popote, haikwaruzi chochote, na kichwa cha pini kiwepo au kisiwepo haijalishi, kwa sababu unasukuma mkia. Kwa hilo tu subana inavipita vifaa vyote vya juu.

Ina kasoro yake. Mwenye mkono mnene atapata taabu, hasa kwenye magitaa madogo. Mwanaume mmoja mwenye mikono ya kubebea saruji ilibidi nimfanyie mimi. Mtu wa namna hiyo ashike sarafu ya shilingi 200 kwa ncha za vidole, au kijiko cha chai, asukume nacho. Inakubali, ila sarafu inateleza na ikidondoka humo ndani utalipindua gitaa na kulitikisa mpaka majirani waulize kuna nini.

Kuna magitaa yasiyohitaji lolote kati ya haya. Ya nyuzi za nailoni, kama Yamaha C40, uzi unafungwa fundo kwenye briji, pini hakuna. Magitaa mengi ya Ovation nayo hayana pini. Zeze letu huku Ugogoni ndiyo kabisa, nyuzi zinafungwa tu na maisha yanaendelea. Angalia briji yako kabla hujatoa hela.

Wakati wa kurudisha, ule mfereji ulio ubavuni mwa pini uelekee upande uliko uzi, yaani kwenye tundu kubwa la gitaa. Kunja kidogo mwisho wa uzi juu ya kigololi, ingiza, weka pini kwa kidole bila kuisukuma sana, kisha vuta uzi juu mpaka usikie kigololi kimegota kwenye kibao. Ndipo unaigandamiza pini kwa dole gumba, basi. Pini inayopanda juu wakati unatyuni maana yake kigololi kimekaa chini ya ncha yake. Itoe, uanze upya. Kuigonga ndiko kunakokuleta kwangu Agosti.

Pini za akiba nunua ukiwa umeshika moja ya zamani mkononi. Hazilingani. Kuna zilizochongwa kwa mteremko wa digrii 3 na nyingine digrii 5, kwa macho zinafanana, ila ukiziweka zinacheza au zinabana njiani. Wapo wanaochongesha za mpingo kwa wachonga vinyago, zinapendeza mno kwenye briji. Mimi naendelea na plastiki. Ikivunjika siumii.

Na subana yenyewe ziko za aina mbili. Mafundi suti wengi wanatumia iliyo wazi juu, kama pete pana, kwa sababu wanasukuma sindano kwa ubavu wa kidole. Hiyo haikufai, ncha ya pini itakuingia kwenye nyama. Omba iliyofunga juu, ya chuma, yenye vishimo vingi vidogo kichwani. Vile vishimo ndivyo vinavyonasa ncha ya pini isiteleze.