Ovadrafti au mkopo wa kawaida kwa duka la Darajani?

Mwenye duka la vitambaa Darajani anataka milioni 2 ajaze mzigo wa Idi. Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Ovadrafti ni ruhusa ya benki ya kuchota zaidi ya salio la akaunti, hadi kikomo kilichopangwa. Akiitumia yote kwa siku 10 tu, atalipa kama shilingi 9,860, kwani riba huhesabiwa kila siku kwa kile kilichotumika. Mkopo wa kawaida kwa mwezi mmoja, riba yake 30,000.

Lakini aulize kwanza ada ya kufunguliwa ovadrafti. Ikiwa ni asilimia 1 ya kikomo, 20,000 zimeshakwenda na karibu nafuu yote imeliwa. Ovadrafti inamfaa anayechota na kurudisha mara kwa mara mwaka mzima.

Tena kuna adhabu ya kuvuka kikomo. Mara nyingi haiji kwa ununuzi mkubwa, bali kwa makato madogo ya mwezi yaliyosahauliwa. Usichote mpaka kikomo, bakisha kitu cha makato hayo, na uombe benki ikutumie ujumbe wa salio.

Mkopo rejesho lake linajulikana. Kwa duka linalouza kwa msimu mmoja, mimi ningechagua huo. Anayekwepa riba aulizie murabaha PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar): benki hununua mzigo, ikamuuzia kwa bei iliyo wazi.