Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi kwa Siki: Huduma Nzuri, Ila Haimfai Kila Mama

Kliniki ya hospitali ya umma ninayohudhuria hapa Dar es Salaam huchunguza dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi bila malipo, kwa kutumia siki. Nimehudumiwa pale, na ninazo sababu za kuisifu pamoja na sababu moja nzito ya kudai zaidi.

Muuguzi aliniamkia, akafunga mlango, kisha akanieleza kila hatua kabla ya kuifanya, na hofu niliyoingia nayo ikapungua sana. Baada ya kuweka kifaa cha kufungulia uke, alipaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, yaani asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, akaitazama saa ya ukutani mpaka dakika ikatimia, ndipo akachunguza kwa taa. Kusubiri huko ni sehemu ya kipimo chenyewe, kwa kuwa seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe taratibu zinapoguswa na siki, na mwenye haraka huweza kulikosa baka ambalo bado halijajitokeza. Nilihisi mwasho mdogo tu.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba mama anayekutwa na baka linalotibika hapo hapo halazimiki kurudi siku nyingine. Ncha ya kifaa cha tiba ya joto, chenye nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi, huwekwa juu ya baka kwa sekunde 20 hadi 30. Baka likiwa limeingia ndani ya njia ya mlango wa kizazi, au likishukiwa kuwa saratani yenyewe, mgonjwa hupewa rufaa, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Hata hivyo, kipimo hiki hutegemea jicho. Uvimbe wa kawaida nao huweza kuonekana mweupe, na wauguzi wawili huweza kutofautiana juu ya baka moja. Mama wa makamo niliyekaa naye benchi, ambaye alikwisha koma hedhi, alitoka akiwa ameambiwa tu kwamba "haonekani vizuri", bila maelezo zaidi. Alistahili kuelezwa kwamba baada ya hedhi kukoma, sehemu ambayo mabadiliko huanzia hurudi ndani, mahali ambapo siki na taa havifiki, na kwamba kwake kinachofaa ni kipimo cha HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Kipimo hicho ndicho ninachokidai. Utafiti uliofanyika Osmanabad, India, na kuchapishwa mwaka 2009, ukihusisha wanawake zaidi ya 130,000, ulionyesha kwamba kupimwa HPV mara moja tu kulipunguza vifo kwa kiasi kikubwa, ilhali kwa waliopimwa kwa siki upungufu wa namna hiyo haukudhihirika. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo cha HPV ndicho kitangulie: kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mwanamke huweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, faraja kubwa kwa wanaoona haya kukaguliwa.

Mpaka kitakapofika kliniki hii, ninawashauri akina mama ambao bado wanapata hedhi waende, wakichagua siku ambazo hawako hedhini. Waliokoma waulize waziwazi ni wapi watapimwa HPV, wala wasiondoke kabla ya kuandikiwa rufaa.