Utete namba 2 au namba 3 kwenye klarineti?

Utete ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka unapopuliza klarineti, ala ya kupuliza; namba yake huonyesha ugumu. Utete namba 2 ni mwepesi: hewa kidogo tu unatetemeka, ndiyo maana wanaoanza hupewa huo. Namba 3 unataka pumzi ya kutosha na pembe za mdomo zilizokazwa. Ukiumudu, sauti inajaa na noti za juu zinatulia.

Shida ya namba 2 iko hukohuko juu: noti hushuka, nawe ukiubana ili uzipandishe, nafasi ya hewa inaziba na sauti inakatika. Namba 3 ukikuzidi nguvu, utasikia upepo mtupu, kisha taya linaanza kung'ata na meno ya chini yanaacha alama ndani ya mdomo wa chini. Nikiiona alama hiyo kwa mwanafunzi, namrudisha namba 2½ siku hiyohiyo.