Darubini ya kwanza: ipi ununue kwa anga la huku kwetu

Masika yakiisha na kundi la nyota la Nge likapanda juu jioni, watu wa Dodoma na Singida huanza kuulizia bei za darubini. Mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza, bila ubishi, ni darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50: inakuza mara 10, na lenzi za mbele zina upana wa milimita 50. Egemeza viwiko ukutani uielekeze kwenye sayari ya Mshtarii, utaona miezi yake minne imejipanga mstari. Mikono ikitetemeka, chukua 7x50. Kama ni ya mtumba, imulike lenzi kwa tochi. Joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani, kama utando wa buibui. Kisha tazama mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, imewahi kuanguka hiyo, irudishe.

Ya pili ni Dobson ya milimita 150: bomba lenye kioo, juu ya kitako cha mbao kinachozunguka na kuinuka kwa mkono. Yenye fokasi (umbali kutoka kioo hadi picha inapokusanyika) ya milimita 1200 ukiiwekea lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 25 inakuza mara 48, na pete za sayari ya Zohali unaziona. Ila ni kubwa; kwenye daladala utagombana na konda.

Ya tatu, darubini ya lenzi ya milimita 70 kwenye stendi nyepesi. Kwa kuutazama mwezi inatosha.

Stendi za ikweta, zile zenye chuma cha uzito pembeni, ziache hata muuzaji akizisifu. Hutaka zielekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na ncha hiyo kwa Nairobi ipo nyuzi 1 tu juu ya upeo wa macho, Dar es Salaam kama nyuzi 7. Nyingi haziinami kiasi hicho, au uzito unagonga mguu wa stendi. Jina lisikudanganye: waliokaa karibu na ikweta ndio zinaowasumbua zaidi.

Mkiani kabisa ni zile za milimita 60 zenye boksi lililoandikwa "mara 525". Kila milimita ya upana hubeba ukuzaji wa mara 2 hivi, kwa hiyo mwisho wake ni kama 120. Ukizidisha unaona ukungu tu. Nyingine huja na kichujio kidogo cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Hicho hupasuka kwa joto jicho likiwa hapohapo. Kitupe kabla watoto hawajakiona.