Uzoefu wangu na miche ya nyanya yenye kinga ya rasta, hapa Pongwe, Tanga

Nimemaliza kuvuna nyanya za kaskazi, na jibu langu kwa wanaoniuliza ni hili: miche chotara yenye kinga ya rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja, inastahili bei yake, hasa kwetu sisi wa ukanda wa chini, Pongwe, Muheza mpaka Pangani. Ila haifanyi yote ambayo wauzaji wanasema inafanya. Mtu akitoa hela yake lazima ajue ananunua nini.

Rasta wengi mnaijua kwa macho. Majani ya juu yanakuwa madogo na kujikunja kwenda juu, kingo zinageuka njano, mche unadumaa, maua yanapukutika. Mche ukiambukizwa ungali mdogo, usitegemee tenga kutoka hapo. Chanzo ni kirusi, na mbebaji ni inzi mweupe, mdudu wa milimita moja hivi anayejificha chini ya jani. Robo saa hadi nusu saa ya kunyonya mche mgonjwa inamtosha kukibeba, na saa kadhaa baadaye anaanza kukisambaza, akaendelea nacho kwa wiki nyingi. Dalili zinatokea wiki mbili au tatu baada ya yeye kutua. Kwa hiyo siku unayoona mche wa kwanza umejikunja, ugonjwa ulishaingia shambani zamani. Dawa ya kuuponya hakuna. Zile za dukani zinamlenga inzi, na nyingi ameshazizoea.

Misimu ya nyuma nililima Cal J na Tengeru 97, aina za nyanya zisizo chotara. Sizikashifu hata kidogo. Tengeru 97 ilitolewa mwaka 1997 kwa ajili ya wakulima wa nchi hii, na mbegu yake unaweza kuitunza mwenyewe. Lakini kinga ya rasta hazina, na kaskazi ikishika huku pwani, joto usiku na mchana, inzi weupe wanazaliana upesi kuliko mtu anavyoweza kupiga dawa. Wenzetu wa Lushoto wanasaidiwa na baridi. Sisi hatuna baridi, tunahitaji mbegu.

Nilichonunua ni miche iliyooteshwa kwenye trei, ndani ya kitalu cha neti. Kabla ya kulipa niliomba kuona pakiti ya mbegu. Usione haya kuomba. Tazama stika ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, kisha tafuta herufi TYLCV, ndicho kirusi chenyewe. Mbele yake huwa kuna HR au IR. HR ni kinga ya juu, IR ni kinga ya kati. Yangu ilikuwa IR, na chotara nyingi utakazokutana nazo ziko hivyo. Pakiti isiyo na herufi hizo, hata kama picha ya nyanya inameremeta, kwa rasta haikusaidii. Bei inauma, hilo siwezi kulificha: chotara unahesabiwa punje, wakati Cal J unapimiwa gramu.

Kinga hii asili yake ni nyanya pori za Amerika Kusini. Mojawapo inaitwa Solanum chilense, na mwaka 1994 watafiti wa Israel walitangaza kuwa wameipata sehemu ya kinga hiyo katika vinasaba vyake, wakaiita Ty-1. Haimzuii inzi kutua wala kirusi kuingia. Inachofanya ni kuuwezesha mmea kukizuia kirusi kisizaliane ndani yake, basi kinabaki kidogo na mmea unaendelea kuzaa.

Shambani nililiona hilo waziwazi, kwa sababu niliacha matuta ya Tengeru 97 pembeni. Yalipofika kutoa maua yalikuwa yameshajikunja vibaya. Chotara nazo hazikusalimika moja kwa moja: baadhi zilipata unjano kwenye kingo za majani machanga, zikasimama kidogo, kisha zikaendelea kufunga matunda. Bibi jirani yangu alikuja akasimama kwenye mpaka, nikamwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, umepiga dawa gani hiyo?" Nikamwambia, "Si dawa, bibi, ni mbegu." Akataka kujua kama muhogo wake wenye batobato, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani, ndio ulioleta rasta kwangu. Hapana, ni virusi viwili tofauti vya ukoo mmoja, ingawa vyote hubebwa na inzi weupe. Hiyo batobato yenyewe iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka Usambara, mkoa huu huu wetu.

Sasa upungufu. Wa kwanza ni wa muuzaji, na ndio ulioniudhi kuliko wote. Trei za kuuza alizitoa nje ya neti, akazipanga barabarani wateja wazione. Mche mchanga ndio unaoumia zaidi, na kinga ya kati inahitaji mche uvuke wiki za mwanzo ukiwa msafi. Ukiotesha mwenyewe, chandarua cha mbu hakifai, matundu yake inzi mweupe anapita. Dai neti ya wadudu ya meshi 50, yaani matundu 50 kwa kila inchi.

La pili, pakiti iliahidi pia kinga ya minyoo fundo, wanaoshambulia mizizi. Nilipong'oa mashina mwisho wa msimu nilikuta mizizi ina vinundu. Kinga ile ya minyoo hulegea udongo ukizidi nyuzi joto 28, na kichanga chetu wakati wa kaskazi kinapita hapo kirahisi. Wauzaji wa huku Tanga wangepaswa kulisema hili kabla ya kupokea pesa. Kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, na ugonjwa wa bakajani pia zilikuja kama kawaida, hizo utapambana nazo kwa njia zake.

La tatu, usikamue mbegu za chotara hii ukapande tena. Kama imerithi kinga kwa mzazi mmoja tu, katika kizazi kinachofuata karibu mche mmoja kati ya minne utazaliwa bila kinga kabisa.

Na tafadhali, chotara ikisimama vizuri usiache mashina ya zamani yabaki shambani. Mmea wenye kinga bado una kirusi kidogo ndani, inzi anaweza kukichukua akampelekea jirani aliyepanda Cal J. Mimi nimeng'oa yote na mnanaha, lile gugu la pembeni, maana nao unakitunza kirusi, nikachoma.

Nitanunua tena? Ndiyo. Nimeshaongea na mwenye kitalu kuhusu miche ya kaskazi ijayo, na sharti nililompa ni moja: trei zangu zitoke ndani ya neti siku ile ile ninayokuja kuzichukua.