Afghanistan ao Irak: vita gani ya Marekani ilikuwa ya haki?

Pale Birere, Goma, bamotari banabishana kila asubui, mumoja anashika chupa ya mafuta anasahau hata kuimimina. Kwa upande wa sababu Afghanistan inashinda: 2001 batu karibu 3000 balikufa Marekani mu mashambulizi ya magaidi, na Taliban, benye balikuwa banatawala Afghanistan, balikatala kutoa Bin Laden, mukubwa wa bale magaidi. Irak 2003? Zile silaha za maangamizi Marekani ilisema ziko kule hazikuonekana, ONU nayo haikutoa ruhusa, kwangu hapo hakuna mjadala. Sasa mwisho njo unachanganya, juu Saddam, mukubwa wa Irak, aliondoka kabisa lakini Daesh, kundi ya magaidi, ikakomalia kulekule, na Taliban balirudi Kabul 2021, nyuma ya miaka 20! Kama unaangaliaka sheria, utachagua Afghanistan. Kama ulishakimbiaka mabomu na matela kichwani sawa sisi, hautaona tofauti kubwa.