Wi-Fi inayoishia baa: uzoefu wangu na adapta ya Alfa AWUS036NHA kambini

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Kama unalala kwenye kambi yenye Wi-Fi, ila ukifika kwenye hema lako laptopu inaonyesha jina la mtandao tu na haifungui kitu, adapta hii, kifaa cha kuchomeka kwenye USB ya laptopu kinachoshika Wi-Fi ya mbali kwa antena yake, inafaa na hela yake inarudi. Kama kambi haina Wi-Fi kabisa, usiinunue. Huko haina kazi, na chini nitaeleza mimi hutumia nini.

Ni dereva muongoza watalii, naendesha njia za kaskazini: Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti. Wageni wangu wengi ni wa mahema, siyo wa loji. Watu hudhani ukishazima gari kazi imeisha. Wapi! Jioni ndiyo saa ya ofisi: Arusha wanataka ripoti, mgeni kabadilisha mpango na anataka kuongeza usiku mmoja, kontrol namba ya hifadhi ya kesho bado haijalipiwa, na ankara lazima itengenezwe kwenye laptopu kwa sababu jedwali lile kwenye simu linakutoa machozi. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa baa kwa lazima, maana Wi-Fi ya kambi inaishia hapo. Naagiza soda moja, naikalia masaa mawili, spika inapiga juu ya kichwa, mbu wanamaliza miguu, na wageni wakinipita wanadhani wamepewa dereva mlevi.

Adapta yenyewe inaenea kiganjani. Upande mmoja ina tundu la USB ndogo ya kizamani, ile ya mini iliyokuwa kwenye kamera za zamani, na upande wa pili ina kichwa cha kufungia antena kwa kuzungusha. Antena inayokuja nayo ni ya dBi 5 (hicho ni kipimo cha nguvu ya antena, kwa desibeli). Ndani kuna chipu ya Atheros AR9271. Inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, 5 GHz haina, na kasi yake kwenye makaratasi ni megabiti 150 kwa sekunde. Kwa mtu wa mjini hizo ni sifa za mzee. Kwa mtu wa porini 2.4 ndiyo tunayoitaka, kwa sababu inafika mbali zaidi na inavumilia vizuizi kuliko 5. Kwenye laptopu ya Linux unachomeka tu inafanya kazi. Kwenye Windows yangu ilijitambulisha yenyewe na ikatokea kama "Wi-Fi 2". Ukishaichomeka, izime ile Wi-Fi ya ndani au hakikisha umeunganisha kupitia hiyo ya pili, la sivyo utapandisha antena juu huku laptopu inaendelea kujitegemea kwa vijiwaya vyake vilivyofichwa pembeni ya kioo. Mwenye Mac mpya aruke aya hizi, draiva, yaani programu ya kuiendesha, hatapata.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye boksi halijaandikwa: nusu ya faida, na pengine zaidi, haitoki kwenye adapta. Inatoka kwenye waya.

Pale Mto wa Mbu kuna kambi ninayolala mara kwa mara, mapokezi mbele, mahema nyuma, na katikati kuna migomba. Mgomba ni adui mkubwa wa Wi-Fi. Jani lake ni pana na limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya 2.4 GHz. Baada ya mvua ndiyo kabisa. Ukiwa kwenye hema la mwisho, laptopu peke yake inapata asilimia ishirini na kitu ya mawimbi, inaunganisha, inakata, inaunganisha. Nikiichomeka adapta na kuiweka mezani pembeni ya laptopu, inapanda hadi arobaini hivi. Barua pepe zinapita, picha hazipiti. Nikiipandisha juu ya paa la Landkruza, kwenye bomba la PVC nililolifunga kwenye keria, ikavuka vichwa vya migomba, inakaribia sabini. Adapta ni ileile, antena ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa antena inaona mapokezi. Ukitaka kupima mwenyewe kwenye Windows, fungua ile skrini nyeusi ya amri uandike netsh wlan show interfaces, halafu tazama mstari wa Signal huku mwenzako anasogeza bomba. Usihukumu kwa vile vimistari vya pembeni, vinadanganya.

Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela walirusha Wi-Fi kilomita 382, kutoka mlima hadi mlima, kwa antena za kuelekeza upande mmoja. Hakukuwa na kizuizi katikati. Mimi mita mia moja zinanishinda kwa sababu ya shamba la ndizi.

Kuhusu waya: refusha waya wa USB, usirefushe waya wa antena. Kwenye masafa haya waya mwembamba wa antena unaweza kula desibeli moja na zaidi kwa kila mita. Antena yako ni ya dBi 5, ukiweka mita tano za waya huo umerudi ulikotoka, tena umelipia. Waya wa USB hauna tatizo hilo, ila mwisho wake ni mita 5. Ukitaka kuzidi hapo, nunua ule wenye kikuza ishara ndani yake. Adapta hii inakula umeme vizuri tu, kwa hiyo ukiweka waya mrefu wa bei ya kutupwa itakuwa inajizima na kujiwasha bila sababu unayoiona. Ilinitokea na waya wa mtaani. Nilipobadilisha waya, ikatulia.

Antena isimame wima. Hii ni ya kurusha pande zote kwa ubavu, siyo kwa ncha. Nimeona watu wanaielekeza ncha yake kule yaliko mapokezi kama wanalenga bunduki, na hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Kwa mvua natumia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Naikata kitako, naigeuza mdomo chini, adapta inakaa ndani, waya unatokea mdomoni, halafu nafunika juu kwa kitako cha chupa nyingine kilichotobolewa antena ipite, na utepe wa umeme kuzunguka. Plastiki haizuii mawimbi. Bati na makopo yanazuia. Mchana naishusha, kwa sababu jua la pale ndani ya chupa linaweza kuivisha yai, na kwa sababu nyingine yenye mkia. Tumbili mmoja alipanda paa la gari wakati tunakula, akaing'oa antena na kwenda nayo juu ya mti. Aliirusha chini baada ya kuithibitisha kwamba siyo ndizi, ikiwa imetafunwa ncha.

Hapo ndipo nilipofurahi kwamba antena inafunguka na kubadilishwa. Ila angalieni: vichwa hivi vipo vya aina mbili zinazofanana, SMA na RP-SMA, na muuzaji wa vifaa vya CCTV atakupa chochote kinachoingia. Alfa hii ni RP-SMA. Upande wa adapta una sindano katikati, kwa hiyo upande wa antena lazima uwe na tundu. Ukiona sindano kwa sindano, au tundu kwa tundu, itazunguka na kukaza vizuri kabisa na haitashika kitu. Antena mbadala niliyouziwa iliandikwa dBi 18 na ina urefu wa kalamu. Haiwezekani. Antena ya pande zote yenye nguvu hiyo ingekuwa ndefu kuliko mimi. Ilifanya vibaya kidogo kuliko ile iliyotafunwa, nikairudisha iliyotafunwa.

Jambo jingine lililonisumbua hadi nikalielewa ni diski za wageni. Jioni mgeni anaomba kuhamishia picha za simba kwenye diski yake kupitia laptopu yangu, na hapo hapo Wi-Fi inalegea. Vifaa vya USB 3, kama diski hizo, vinatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, Intel wenyewe walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Adapta ikiwa mbali kwa mita tano za waya athari inapungua sana. Ikiwa imechomekwa pembeni ya diski, subirini picha ziishe.

Mpishi wetu, mara ya kwanza alipoona bomba juu ya gari, aliniita pembeni. "Kaka, hiyo haitatuletea maneno na askari?" Mlinzi wa kambi yeye alitaka kujua kama inashika mechi ya Simba na Yanga. Swali la mpishi lina uzito. Adapta hii ina jina kwa watu wa usalama wa mitandao kwa sababu inaweza kusikiliza mawimbi yote yanayopita, na ukitafuta habari zake utakutana na mafunzo ya kuvunja paswedi za watu. Achana nayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa ni kosa la jinai. Mimi naomba paswedi mapokezi kama mteja mwingine, na namweleza meneja kwamba nimepandisha antena. Hakuna aliyewahi kukataa. Mmoja alikuja kuomba nimwelekeze.

Upungufu wake mkubwa ni ule ambao hakuna adapta itakayouondoa. Kambi nyingi zinategemea laini moja ya intaneti kwa wageni wote, na saa mbili usiku kila mtu anapiga simu ya video kwao. Wewe una asilimia sabini ya mawimbi na ukurasa haufunguki. Kurefusha kamba ya ndoo hakujazi kisima. Kazi nzito naifanya alfajiri, kabla wageni hawajaamka kutafuta kahawa, na saa hiyo mambo yanakwenda kama uko mjini.

Uzuri mmoja ambao sikuutarajia: adapta ikishapokea, Windows inaweza kugawa intaneti hiyo kupitia Wi-Fi ya ndani ya laptopu (hapo usiizime), ile ya "Mobile hotspot". Wageni wa mahema ya nyuma wanaunganisha simu zao kwangu, na bahasha ya bakshishi ya mwisho wa safari imekuwa ikipumua vizuri zaidi. Betri ya laptopu ndiyo inayolipa, kwa hiyo iwe imechomekwa kwenye inveta ya gari.

Kwa mwenye Mac, au asiye na laptopu kabisa ila ana tableti, kuna viruta vidogo vya safari kama GL.iNet Mango. Kina rangi ya njano, kinakula volti 5 tu kwa hiyo pawabenki inakitosha, na kinapokea Wi-Fi ya kambi na kuirusha upya kwa jina lako. Antena zake zimo ndani, hivyo hakifiki mbali kama Alfa, lakini unaweza kukipandisha chote juu ya bomba pamoja na pawabenki yake. Kwa kuwa kinapokea na kurusha kwa redio ileile, kasi inapungua karibu nusu. Kwa WhatsApp na barua pepe hutajali.

Na Serengeti, kwenye kambi za umma zisizo na Wi-Fi? Alfa inabaki ndani ya begi, maana masafa ya simu siyo ya Wi-Fi na haiwezi kuyagusa. Huko natumia simu ya zamani yenye laini ya ziada, naweka bando, nawasha hotspoti, naifunga kwenye lile lile bomba ndani ya mfuko wa plastiki. Simu iliyokuwa haina kitu mezani inaweza kupata mstari mmoja au miwili ikiwa juu ya paa la gari, na laptopu chini inaisoma bila shida. Haikugharimu kitu zaidi ya kamba.

Kitakachonifanya niiache ni kwamba baadhi ya kambi za Karatu zimeanza kuweka ruta mpya na kuwapeleka wageni kwenye 5 GHz. Alfa wana AWUS036ACM, yenye chipu ya MediaTek MT7612U na antena mbili, inayoshika masafa yote mawili. Hiyo ndiyo ninayoiwekea akiba. Kwa migomba ya Mto wa Mbu bado nitatumia 2.4.

Ukienda kununua, jihadhari, Alfa za kughushi zimejaa na nyingine zina chipu tofauti kabisa ndani ya kasha linalofanana. Nenda dukani na laptopu yako. Chomeka, fungua Device Manager, tazama kwenye orodha ya adapta za mtandao. Ikisomeka AR9271, toa hela. Ikisomeka jina jingine, mrudishie muuzaji palepale kaunta.